Somo la afya: Mtoto njiti anapoungua kwa nepi

Kwa akina mama, akina baba, bibi na walezi wote wa watoto wachanga, kuanzia Misiera hadi Juru na Rubondo, na kwa mama ambaye bado amelazwa na mtoto wake Mbarara.



Somo la leo linahusu jambo ambalo wengi hulidharau. Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni akipata upele wa nepi, mara nyingi hupona kwa siku tatu au nne akiwekwa mkavu, na hakuna anayekosa usingizi kwa sababu hiyo. Kwa mtoto njiti mambo ni mengine. Njiti ni yule aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba, na wengine hapa kambini humwita mtoto wa miezi saba. Ngozi yake ikichubuka, mlango umefunguka wa vijidudu kuingia katika damu, na mtoto wa kilo moja na nusu hana nguvu ya kupigana navyo. Watoto wanaotoka hospitali wakiwa wameanza kunyonya vizuri na kuongeza uzito wanaweza kurudishwa wodini kwa kidonda kilichoanzia makalioni. Kwa hiyo soma mpaka mwisho, na kama jirani yako hajui kusoma, msomee.

KWA NINI NGOZI YAKE SI KAMA YA WATOTO WENGINE

Ngozi ya mtu ina tabaka la juu lililokauka, ambalo kazi yake ni kuzuia maji yasitoke mwilini na uchafu usiingie. Kwa mtoto aliyetimiza siku zake, tabaka hilo limejengwa kwa safu nyingi, kumi au zaidi. Kwa aliyezaliwa katika wiki ya 24 safu hizo ni mbili au tatu tu, na hata kwa aliyezaliwa wiki ya 30 bado ni nyembamba. Ule utando mweupe wa mafuta unaouona kwa mtoto aliyezaliwa karibu na siku zake hutengenezwa hasa katika miezi mitatu ya mwisho, na anayezaliwa mapema sana anaukosa. Unapoukuta kwa mtoto, usiusugue, uache uingie wenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita tangu kuzaliwa, na kwa mtoto mdogo sana ni vema kungoja zaidi.

Jambo la pili ni uchachu. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, na uchachu huo huwazuia vijidudu kuongezeka. Mtoto anapozaliwa ngozi yake bado haijapata uchachu wa kutosha. Hupatikana polepole katika siku na wiki za kwanza, na kwa njiti huchelewa. Sasa angalia kinachotokea ndani ya nepi. Mkojo ukikaa pamoja na choo hutoa ile harufu kali inayochoma pua, na huondoa uchachu. Uchachu ukiondoka, vile vimeng'enya vilivyomo katika choo, ambavyo kazi yake tumboni ni kuyeyusha mafuta na nyama, huamka na kuanza kuyeyusha ngozi ya mtoto. Ndiyo maana choo peke yake kina madhara yake, mkojo una yake, lakini vikikutana madhara huwa makubwa kuliko jumla ya vyote viwili. Ukikumbuka hilo moja, utajua kwa nini tunakazia kubadilisha nepi mapema kuliko tunavyokazia dawa.

Habari njema ni kwamba ngozi ya njiti hukomaa upesi akishazaliwa. Kwa wengi huchukua wiki mbili hadi nne, na kwa aliyezaliwa mapema sana huenda zaidi. Kazi yako ni kuilinda mpaka ifike hapo. Na maziwa ya mama yanasaidia hapa pia, kwa sababu choo cha mtoto anayenyonya kina uchachu zaidi na hakiunguzi sana kama cha anayepewa maziwa ya kopo.

KUTAMBUA HALI YA NGOZI

Vitabu husema ngozi huwa nyekundu. Kwa watoto wetu weusi wekundu hauonekani vizuri. Tazama kama sehemu ya nepi imekuwa nyeusi zaidi au ya zambarau kuliko paja, kama inang'aa, kama imevimba, na gusa kwa mgongo wa kidole uone kama ina joto kuliko tumbo. Ngozi ikibadilika rangi lakini ni nzima, hapo ni mwanzo. Ikitoa vipele na kuvimba, hali imeendelea. Ikichubuka, ikawa na majimaji, ikaonyesha nyama ya waridi au ikatoa damu unapoifuta, hali hiyo ni kali, na kwa mtoto njiti usiitibu nyumbani peke yako. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mtoto ananyonya vizuri.

Angalia pia upele umekaa wapi. Ule wa mkojo na choo hukamata sehemu zilizoinuka, yaani makalio, sehemu za siri, chini ya tumbo, na kuacha mikunjo ya kinena ikiwa mizima. Ule wa fangasi huingia ndani ya mikunjo, una ukingo unaoonekana wazi, na pembeni yake kuna vipele vidogo vilivyotawanyika kama punje za mtama. Fangasi hupenda kuja baada ya siku tatu za upele wa kawaida usiotunzwa, au baada ya mtoto kupewa viuavijasumu, na watoto njiti wengi wamepewa dawa hizo wodini. Fungua mdomo wake uone ulimi na mashavu kwa ndani. Ukiona utando mweupe usiofutika kwa kitambaa kama maziwa, basi fangasi ameshapita toka mdomoni hadi makalioni, na tiba lazima ifanyike sehemu zote mbili, pamoja na chuchu za mama.

Kuna upele mwingine ambao unatudanganya. Madini ya zinki, mtoto huyapokea kwa mama yake zaidi katika miezi ya mwisho ya mimba, kwa hiyo njiti huzaliwa na akiba ndogo. Baada ya wiki kadhaa akiba ikiisha, ngozi huharibika kuzunguka njia ya haja kubwa na pia kuzunguka mdomo, wakati mwingine na mikononi, na mara nyingi mtoto anaharisha na haongezeki uzito. Mama hupaka kila kitu na hakuna kinachosaidia, kwa kuwa kinachokosekana kiko ndani ya mwili. Ukiona mdomo na makalio vimeharibika kwa pamoja, mwambie mhudumu hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Zinki ya kunywa ikitolewa kwa kipimo sahihi, ngozi huanza kupona kwa siku chache. Kipimo hupangwa na daktari au klinikal ofisa, si na duka la dawa.

KUSAFISHA NA KUPAKA

Tuseme umeshaonwa kituoni na umerudi nyumbani na mtoto, au unamhudumia wodini. Fanya hivi.

Nawa mikono kwa sabuni kwanza, na kucha ziwe fupi. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Usichukue maji ya ziwani moja kwa moja kwa ngozi iliyochubuka, hata kama yanaonekana safi. Kwenye ngozi iliyo wazi usitumie sabuni yoyote. Mimina maji polepole kwa kikombe, au tumia pamba iliyolowa, kisha kausha kwa kugandamiza kitambaa laini taratibu. Kusugua hapana. Mtoto wa kike mfute kutoka mbele kwenda nyuma. Zile tishu zenye unyevu zinazouzwa kwenye pakiti, nyingi zina manukato na spiriti. Ziache kwa sasa.

Baada ya kukauka, paka kinga. Marhamu ya zinki oksaidi ndiyo bora. Uliza kama kituo kinayo. Kama haipo, mafuta ya mgando yasiyo na manukato wala rangi yatafaa. Paka tabaka nene, kiasi cha kutoonyesha rangi ya ngozi chini yake. Mama wengi hupaka kidogo kana kwamba wanapaka mafuta ya uso, na kesho yake wanasema dawa haifanyi kazi. Kazi ya marhamu haya ni kuwa ukuta kati ya choo na ngozi, na ukuta mwembamba hauzuii kitu.

Hapa pana kosa la kawaida kabisa. Mtoto anapojisaidia, mama husugua mpaka marhamu yote yatoke ndipo aone ngozi ni safi. Kwa kufanya hivyo anaondoa na ngozi changa iliyoanza kuota. Futa choo cha juu tu, acha marhamu yaliyoshika, ongeza mengine juu yake. Mara moja kwa siku ukitaka kuona kidonda kinaendeleaje, lainisha marhamu kwa mafuta ya alizeti kwenye pamba, yatatoka bila kuvutwa.

Kopo la mafuta liwe la mtoto huyo peke yake. Usichovye vidole ndani. Chota kwa kijiko kilichochemshwa au kijiti safi, weka mkononi, ndipo upake. Kopo moja linalotumiwa na nyumba nzima kwa midomo, miguu na mtoto mchanga linabeba vijidudu vya nyumba nzima. Pia mafuta haya ya mgando ni kwa sehemu ya nepi tu. Usimpake njiti mwili mzima, kwani katika baadhi ya tafiti watoto wadogo sana waliopakwa hivyo walipata maambukizo zaidi. Mafuta ya alizeti ni habari tofauti. Utafiti uliofanywa hospitalini Dhaka, Bangladesh, na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba njiti waliopakwa mafuta hayo walipata maambukizo machache ya wodini. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema mafuta ya kupaka yanaweza kufikiriwa kwa watoto njiti. Lakini kabla hujaanza, muulize anayemhudumia mtoto wako, na usitumie yale ya kupimiwa sokoni kutoka kwenye dumu lisilojulikana.

Ikiwa ni fangasi, utapewa nistatini au klotrimazoli. Hiyo hupakwa nyembamba, ikigusa ngozi, mara mbili au tatu kwa siku kama ulivyoelekezwa, na juu yake ndipo linafuata tabaka nene la kinga. Ukianza na marhamu mazito chini, dawa haifiki. Usiache siku unapoona ngozi imekuwa nzuri. Fangasi waliobaki hawaonekani kwa macho, hivyo maliza siku zote ulizoandikiwa.

Kuhusu maziwa ya mama ya kupaka, tunaulizwa kila wiki. Kuna tafiti ndogo, mmojawapo wa Iran uliochapishwa mwaka 2013, zilizoonyesha maziwa ya mama yanasaidia upele wa nepi. Lakini hao hawakuwa njiti wenye ngozi iliyochubuka. Kwa upele unaoanza, matone machache ya maziwa yako mwenyewe, yakaachwa kukauka, hayatamdhuru. Kwa kidonda kilicho wazi au kwa fangasi, usiyategemee.

JOTO KWANZA, HEWA BAADAYE

Utaambiwa na kila mtu: mwache mtoto bila nepi, apate hewa. Kwa mtoto mkubwa ni ushauri mzuri sana. Kwa njiti ni ushauri unaoweza kuua usipoangaliwa, kwa sababu hupoteza joto upesi mno, na baridi peke yake yaweza kumfanya aache kunyonya na kupumua vibaya. Joto lake lisishuke chini ya 36.5. Nyumba zetu nyingi ni za udongo na mabati au turubai, na usiku wa huku una baridi, hasa miezi ya mvua.

Kuna njia ya kupata vyote viwili. Ile ya kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, ambayo wengi mmefundishwa kwa jina la kangaruu, ilianzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 na daktari Edgar Rey Sanabria, na mwenzake Héctor Martínez akaiendeleza naye. Hospitali yao ilikuwa na msongamano na vifaa vya kuwapa watoto joto havikutosha. Tangu wakati huo imepimwa kwa makini sehemu nyingi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kwamba kuanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa kunaokoa maisha zaidi kuliko kungoja mtoto atulie kwanza.

Sasa, mtoto aliye kifuani huvaa kofia, soksi na nepi tu. Ile nepi imebanwa kati ya matumbo mawili yenye joto, na jasho nalo lipo. Kwa hiyo mama wa kangaruu anapaswa kuikagua nepi mara nyingi zaidi, na wengi hawafanyi hivyo kwa kuwa mtoto ametulia. Ukitaka kumpa hewa, mweke kifuani kama kawaida, kofia kichwani, mfunike mgongo kwa kitenge na blanketi, kisha fungua nepi na umtandikie kitambaa laini cha pamba chini ya makalio bila kukifunga. Chagua saa za mchana zenye joto, mlango umefungwa. Dakika kumi au kumi na tano zinatosha, mara tatu au nne kwa siku. Gusa miguu yake. Ikiwa ya baridi, mfunge. Baba naye ana kifua. Hakuna sababu kazi hii ifanywe na mama pekee.

Usimweke uchi juani. Wala usiwashe jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa ili kumpatia joto wakati yuko wazi: moshi wake usioonekana umeua familia nzima usingizini.

NEPI, MAJI NA SABUNI

Njiti hunyonya kila saa mbili au tatu, mchana na usiku. Funganisha mambo haya mawili: kila anaponyonya, nepi inakaguliwa. Akijisaidia choo, ibadilishwe hapohapo. Kwa hesabu hiyo unahitaji vitambaa kumi hadi kumi na mbili kwa siku, na zaidi wakati wa mvua kwa sababu havikauki. Kanga au shuka kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mara nyingi hadi ikalainika, ni bora kuliko kitambaa kipya chenye rangi. Usifunge kavera wala chupi ya nailoni juu ya nepi. Tunajua ni kwa ajili ya kulinda godoro, na godoro moja likilowa ni taabu kwa nyumba nzima, lakini joto na unyevu unaofungiwa humo ndani hufanya ngozi iive. Weka kavera chini ya shuka unayolalia wewe.

Pampas za dukani hunyonya vizuri, na kwa kidonda kikali kweli zinasaidia. Kama mna fedha ya kununua chache, zitumieni usiku na kwa safari ya Mbarara. Lakini pampas moja kutwa nzima ili isiharibike bure ni mbaya kuliko kitambaa kinachobadilishwa.

Kufua: kwanza toa choo, umwage chooni. Fua kwa sabuni ya kipande. Usitumie dawa ya kung'arisha wala sabuni ya unga kali. Suuza mara tatu. Maji yakiwa haba, punguza ya kufulia lakini usipunguze ya kusuuzia, maana sabuni iliyobaki kwenye kitambaa inayeyuka tena kwa mkojo na kumchoma mtoto. Kamua nepi, sikia kati ya vidole: ikiteleza, bado. Chemsha zile za mtoto mwenye kidonda. Anika juani kwenye kamba, si juu ya majani wala chini, na zikauke kabisa. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, na funza wake huingia ndani ya ngozi. Pasi ya moto pande zote mbili humaliza mayai hayo.

Tusimsahau adui mwingine aliyejificha sandukuni. Wengi huhifadhi nguo za mtoto pamoja na vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, vile vya naftalini. Kwa baadhi ya watoto, hasa katika jamii zilizoishi na malaria vizazi vingi kama zetu, dawa hiyo huvunja chembe nyekundu za damu, na mtoto anapata manjano kali inayoweza kuharibu ubongo. Nguo zilizokaa na vidonge hivyo zisimguse mtoto mchanga.

VITU VYA KUKATAA

Ngozi ya njiti hupitisha dawa kuingia mwilini kwa urahisi, na mwili wake ni mdogo. Mwaka 1972 huko Ufaransa, poda ya watoto ilichanganywa kwa makosa na dawa ya kuua vijidudu iitwayo heksaklorofeni, ikapakwa makalioni kama poda nyingine yoyote. Watoto 204 waliugua na 36 walikufa. Miaka mitano kabla, 1967, katika hospitali moja ya mji wa St. Louis, Marekani, dawa ya kuua vijidudu iliwekwa katika maji ya kufulia nepi; watoto 9 waliugua na 2 wakafa. Hao waliuguliwa katika nchi tajiri, mikononi mwa watu wenye ujuzi.

Kwa hiyo poda usipake, hata ile ya dukani iliyo salama, kwani vumbi lake huingia mapafuni. Usipake krimu zenye betamethasoni au klobetasoli, zile zinazouzwa kwa kujichubua. Ni kweli upele unaweza kupungua siku mbili. Kisha ngozi hukonda, fangasi hushamiri, na dawa huingia katika damu ya mtoto. Usifungue kapsuli ya kiuavijasumu na kumwaga unga kwenye kidonda. Dawa ya rangi ya zambarau nayo inaweza kuchoma ngozi iliyo wazi, na rangi yake humficha mhudumu asione hali ilivyo. Dawa ya meno, majivu, samli ya dukani, ndimu, chumvi, samadi ya ng'ombe na majani yaliyopondwa, yote hayo yaache. Bibi zetu wanatupenda, na mengi waliyotufundisha ni mema, lakini wengi wao hawakulea watoto wa kilo moja na robo, kwa maana zamani watoto hao hawakuishi.

USINGOJE KESHO

Mpeleke kituoni mara moja, usiku au mchana, ukiona mojawapo ya haya: anakataa kunyonya au ananyonya kwa udhaifu kuliko jana, joto limefika 37.5 au zaidi, au ni wa baridi na haongezeki joto hata kifuani, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika au kifua kinabonyea, amelegea na hasogei mpaka umguse, anapata degedege. Kwa upande wa ngozi: usaha, malengelenge, wekundu unaosambaa kuelekea tumboni au kitovuni, ngozi inayobanduka vipande kama aliyemwagiwa maji ya moto, au sehemu iliyokuwa nyeusi na ngumu. Upele pamoja na kubanduka viganja na nyayo huhitaji mama na mtoto kupimwa kaswende. Fangasi anayerudi kila mara baada ya tiba huhitaji kuangaliwa zaidi, pamoja na kipimo cha virusi vya ukimwi kwa mtoto. Hilo si la kuonea haya, kwa sababu dawa zipo na mtoto anayeanza mapema huishi.

Kituo kikiamua umpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, mtoto asafiri kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, si kwenye boksi wala mikononi. Mnyonyeshe kabla ya kuondoka na njiani. Barabara ina vumbi, mfunike bila kuziba pua. Chukua karatasi ya rufaa, kadi ya kliniki, barua ya kutoka hospitali kama alilazwa kabla, kila dawa uliyompaka hata ile unayoona aibu kuionyesha, nepi za kutosha siku mbili, na mtu mmoja wa kukusaidia. Kama Kiingereza na Kinyankole vinakupa shida, mtu huyo awe anajua mojawapo.

MASWALI TULIYOULIZWA

Mtoto wangu anajisaidia kila anaponyonya. Je, anaharisha, nimpunguzie maziwa? Hapana. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee anaweza kujisaidia choo laini cha njano mara nyingi kwa siku naye ni mzima. Kuharisha ni choo kilichobadilika ghafla kikawa maji, au chenye damu. Hata hapo usipunguze maziwa, mlete aonwe.

Analia sana nikimsafisha. Nimpe dawa ya maumivu? Usimpe dawa yoyote ya watu wazima, na aspirini kamwe. Mweke kifuani au titini dakika chache kabla ya kumsafisha na wakati unamsafisha, au mdondoshee matone ya maziwa uliyokamua mdomoni. Mwenzako ashike miguu kwa upole, ainue kidogo tu. Maumivu yakizidi, mhudumu atapima uzito na kukuambia kama kuna dawa inayomfaa.

Upele umepona. Niendelee kupaka mpaka lini? Kwa fangasi, maliza dawa kama ilivyoandikwa. Kinga, yaani zinki au mafuta ya mgando, endelea nayo kila unapobadilisha nepi, ila sasa tabaka liwe jepesi, hadi mtoto afikie siku aliyopaswa kuzaliwa. Mhudumu wa afya wa kijiji, wale tunaowaita VHT, akipita nyumbani, mfungulie nepi aone, hata kama hakuuliza.